Ernel Narcisse, Aliyefungwa kwa Kura Kumi

Wapendwa waombolezaji, mjane wa marehemu, Verdelle, ametuomba tusimpake Ernel asali, kwa hiyo mtakayoyasikia ndiyo yaliyokuwa.

Ernel Narcisse alizaliwa tarehe 3 Machi 1969 hapa Bayou Carline, Louisiana, kitindamimba wa Alma Narcisse, akasoma shule ya msingi ya kanisa, akafukuzwa sekondari mwaka 1985 kwa kumvunja pua mwalimu wa michezo, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha sukari, akawa fundi wa mitambo ya kukamulia miwa. Alikuwa mwepesi wa mkono, na baadhi yenu mna makovu ya kuthibitisha, akiwemo binamu yake Thurlow, ambaye Ernel alimchana shingo kwa chupa katika ugomvi wa karata. Alifunga ndoa na Verdelle tarehe 12 Juni 1993, wakajaliwa binti, Jonelle, na hao wawili hakuwahi kuwainulia mkono.

Tarehe 14 Novemba 1998, Lucien Doucet alikatwakatwa kwa panga la miwa nje ya baa, akafia kwenye changarawe akiwa ameshikilia utumbo wake, na kwa kuwa Ernel alikuwa amempiga ngumi mapema mbele ya watu, akakamatwa yeye, ingawa shahidi pekee aliona shati jekundu, uso hakuuona. Katika jopo la raia kumi na wawili walioamua kesi yake, kumi walisema aliua, wawili wakakataa, na kwa sheria ya Louisiana ya wakati huo kumi walitosha kumfunga mtu maisha. Mmoja wa wale wawili, Bi Hulda Guidry, alipoanza kueleza kwamba shati si uso, mwenyekiti wa jopo alimkatiza, “Bibi, kumi tunatosha, wewe malizia soda yako.”

Gerezani alimvunja mtu taya, na mwaka 2007 yeye mwenyewe akachomwa jicho kwa mswaki ulionolewa, likatoka. Aprili 2020 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba hukumu ya namna hiyo inavunja Katiba, Verdelle akanunua suti ya kumpokelea mumewe, lakini Mei 2021 mahakama ile ile ikasema uamuzi huo hauwahusu wale ambao rufaa zao zilikwisha zamani, na mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo nayo ikakataa. Ernel alisema kwenye simu, “Kwa hiyo sheria ilikuwa mbovu, ila ubovu ulionipata mimi ni halali? Haya, mke wangu, itundike hiyo suti.”

Ameivaa leo, inampwaya. Saratani ya ini ilimmaliza tarehe 9 Februari 2024, hospitalini.

Tunamshukuru daktari aliyegombana na askari mpaka mnyororo ukafunguliwa mguuni mwake kabla hajakata roho, majirani walioleta wali na mchuzi wa kamba, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na Bi Hulda, aliyekuja kwa kiti cha magurudumu, na ambaye soda ile hakuimaliza.

Baadhi yetu hatukutaka azikwe karibu na mama yake. Verdelle alikataa wengi washinde, akasema tutakaa mezani mpaka tukubaliane wote, na wa mwisho alikuwa Thurlow, aliyejipapasa shingo muda mrefu, kisha akasema, “Mlazeni hapo kwa shangazi. Ila mimi mnizike mbali, asije akaniita kwenye karata.”

Ernel, safari hii ni wote. Pumzika.