Barua Tatu Zilizoshuka Kwenye Tenga la Kabichi

Amani iwe kwenu, mliokaa na mliosimama pale mlangoni. Wa nyuma msihangaike kusogea, sauti yangu mnaijua, nimeuza mboga kwa kupiga kelele miaka ishirini na haijachakaa.

Mwenyekiti wa mkutano huu ameniambia nisimtaje mtu jina. Sawa. Nitajitaja mimi tu, maana hata nisipojitaja mtanijua. Nani mwingine katika mji huu wa Morogoro alianza na tenga moja la karoti kichwani, akishuka nalo milima ya Uluguru kwa miguu, na leo ana lori lake na nyumba ya matofali ya kuchoma pale Kihonda? Darasa la saba, tena nilifeli. Sijasaidiwa na mjomba wala serikali. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasema kila mahali, na ndugu zangu, nawaambia, maneno hayo hayo ndiyo yaliyokaribia kuua mtoto wa mtu.

Mnakumbuka miaka ile vibanda vya intaneti vilipoanza kufunguliwa mjini. Kila kitu kilikuwa kimeshaachiwa huria: mazao unamuuzia umtakaye, dawa za shambani unanunua popote. Mwanafunzi mmoja wa chuo, mteja wangu wa mboga, akaniambia, "Mzee, wewe unajua kilimo kuliko vitabu vyetu. Fungua blogu." Nikamuuliza blogu ni mnyama gani. Akacheka, akanipeleka kwenye kibanda cha dada mmoja, nikafungua.

Mimi nasema, dada anachapa. Bei za sokoni, mbegu zipi zinaota, mvua za vuli zimekaaje. Sasa mtauliza, wakulima wa kule juu waliisomaje na umeme hawana? Hapo ndipo akili yangu ilipo. Dada alinitolea nakala kwenye karatasi, lori langu likapanda nazo upande wa Mgeta, zikabandikwa kwenye mlango wa duka la pembejeo. Anayejua kusoma anawasomea wengine. Mwenye maoni anaandika kwenye kipande cha daftari, anakichomeka kwenye tenga la kabichi, lori linashuka nacho, dada anakichapa kwenye blogu. Niambieni, kuna profesa aliyewahi kuwaza hivyo?

Maoni yakaja. Mwanzoni yalinipa raha. "Ubarikiwe mzee wetu." "Wewe ndiye bwana shamba wa kweli." Wakanipa jina, Bwana Mtandao. Nikipita sokoni naitwa, "Bwana Mtandao, leo umetuandikia nini?" Nikanenepa.

Halafu yakaanza ya kunikosoa. Mmoja aliyejiita Mwalimu wa Turiani akaandika kwamba niliyoyasema kuhusu mpunga si sahihi. Nilikasirika siku mbili. Niliona kila anayenisahihisha ananicheka kwa elimu yangu. Nikamwambia dada, "Kuanzia leo maoni yapite kwangu kwanza."

"Na haya ya kukosoa niyaweke wapi, mzee?"

"Tupa."

"Yote?"

"Dada, duka lako liko kwa ajili ya kuchapa au kuhoji?"

Akaendelea kuchapa. Nikafanya na aibu nyingine, leo naisema. Maoni mazuri yalipopungua, nilijiandikia mwenyewe. Mkulima wa Kinole, Mama Kilakala, Kijana wa Matombo, wote walikuwa mimi. Siku moja dada anachapa, akaniangalia pembeni ya miwani, akasema, "Wasomaji wako wanakupenda kweli, mzee. Na wote wanaongea kama wewe." Msicheke sana. Nilicheka mimi pia siku ile, lakini jasho lilinitoka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kijijini kwetu kule juu kuna mfereji. Mababu waliuchimba kutoka kijito cha juu, unapita ubavuni mwa mlima, kila kaya inachota hapo. Sheria yake ni ya zamani. Asubuhi maji ni ya kunywa na kupikia, hakuna anayeingiza hata mguu. Mchana ndiyo yanafunguliwa kwenda mashambani. Na mwenye dawa ya wadudu anachota maji kwa ndoo, anayapeleka mbali, anachanganyia kwenye shimo lililochimbwa shambani kwake. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa haliruhusiwi kusogelea mfereji.

Mimi niliona ni kupoteza muda. Nikaandika, tena kwa maringo, kwamba hayo ni mambo ya kizamani. Nikasema, mkulima wa kisasa anachanganya dawa pale pale mferejini, analisuuza bomba pale pale, na jua likichomoza amemaliza shamba. Nikaweka na picha yangu nimebeba bomba. Mlango wa duka ukajaa watu, wakasomeana, wakafuata. Kwa nini wasifuate? Bwana Mtandao amesema.

Wiki iliyofuata barua ikashuka kwenye tenga. Ya mama mmoja anayekaa kitongoji cha chini, kule mfereji unakoishia. Mwandiko wa penseli. Alisema, "Kaka, shikamoo. Uliyoyaandika juu sisi tunayanywa huku chini. Naomba urekebishe." Nikasema, huyu naye ametumwa na washindani wangu. Nikaikunja.

Barua ya pili ikaja. "Kaka, mbuzi wangu wawili wamekufa, matumbo yamejaa povu. Maji yana harufu." Nikasema, mbuzi wanakufa kila siku. Nikaikunja.

Ya tatu ilikuwa fupi. "Kaka, sikuombi uniombe radhi. Andika mstari mmoja tu, mabomba yasioshwe mferejini. Mimi nimewaambia hawanisikii. Wewe wanakusikia."

Ndugu zangu, mstari mmoja! Dada alikuwa ameshaweka vidole tayari. Akaniuliza, "Nichape?" Nikamwambia, nikiandika hivyo watasema Bwana Mtandao alikosea. Nikaikunja na hiyo, zote tatu nikazitupa.

Siku nne baadaye dereva wangu alirudi na lori halina mboga. Nyuma walikuwa wamembeba mtoto wa kike wa yule mama, miaka mitano, anatapika, anatetemeka, macho yamepinda. Wakampeleka hospitali. Mimi nilikwenda nikasimama nje kwenye ukuta. Sikuingia. Nilimwona mama yake dirishani, ameshika mguu wa mwanawe kama mtu anayeshika kamba kisimani. Siku tisa mtoto hakuongea. Siku ya kumi aliomba uji.

Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini kijiji kiliitisha kikao, nikaitwa.

Nilipanda nikiwa na jibu langu tayari. Nilikuwa nimelipanga tangu Kihonda. Tenga likitikisika barabara ile yote, karatasi inaweza kudondoka. Nani angebisha?

Wazee wa ukoo walikaa mbele, akina mama upande wao, vijana wamesimama. Kijana mmoja akanitupia, "Bwana Mtandao, leo mtandao umekata?" Hakuna aliyecheka. Yule mama akainuka, mtoto amelala begani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kaka, barua zangu tatu zilifika?"

Mzee mmoja, ndugu wa mama yangu mzazi, mtu aliyenilea, akaona ninavyohangaika. Akasema taratibu, "Labda zilipotea njiani. Matenga yale hayana mfuniko."

Mnaelewa? Mzee wangu alinifungulia njia ya kutokea. Nilichotakiwa ni kuitikia tu, "Ndiyo mjomba, hazikufika." Ningerudi mjini na jina langu, na blogu yangu, na sifa zangu zote za kujitungia. Yule mama hakuwa na ushahidi wowote. Alikuwa na mtoto begani tu.

Nikamwangalia mtoto. Mkono wake ulikuwa bado unatetemeka, kidogo kidogo, hata usingizini.

Nikasema, "Zilifika. Zote tatu."

Mjomba wangu akainamisha kichwa. Yule mama akasema, "Basi tuambie zilisema nini." Nikamwambia nimezitupa. Akasema, "Sikukuuliza ziko wapi. Nimekuuliza zilisema nini."

Nikazisema. Neno kwa neno, ya kwanza mpaka ya tatu, pamoja na shikamoo yake. Na hilo limenishangaza mpaka leo. Zile sifa zote nilizosomewa, hakuna hata moja ninayoikumbuka vizuri. Barua nilizozikunja ndizo nilizokuwa nazo kichwani, kama nimezimeza. Nilipofika kwenye "wewe wanakusikia" sauti hii mnayoisikia ilikatika. Nililia mbele ya vijana wanaobeba mizigo yangu.

Wazee hawakunitoza ng'ombe wala mbuzi. Waliniambia nipite kitongoji kwa kitongoji, niseme kwa mdomo wangu kwamba nilikosea, na kila shamba lililo kando ya mfereji nichimbe shimo la dawa kwa mikono yangu. Nilichimba wiki tatu. Mimi, mwenye lori! Watoto walikuja kuniangalia. Mzee mmoja kila nilipopumzika aliniuliza, "Hilo jembe nalo lina maoni?"

Nikarudi mjini nikaacha kuandika. Karatasi zangu zilichanwa mlangoni pale dukani. Wateja wengine walihamia kwa washindani. Nilikaa hivyo miezi, sina hamu ya lolote, nikiitwa Bwana Mtandao nageuka njia. Mke wangu akasema nimekuwa kama redio iliyoisha betri.

Halafu siku moja, tenga la kabichi, karatasi ya penseli. Mwandiko nikaujua kabla sijaisoma. "Kaka, mbona kimya? Kabichi zetu zinaoza, hatujui sokoni kukoje. Andika. Ila safari hii na sisi tusomwe."

Mtu niliyekaribia kumzikisha mwanawe ndiye aliyeniita nirudi. Nimekaa na mapadri, nimekaa na wasomi, sijawahi kuhubiriwa hivyo.

Nikaenda kwa dada. Nikamwambia, chapa barua zote tatu kama ninavyozisema, weka juu kabisa, na chini yake andika kwamba nilizificha. Kisha acha wazi, kila anayeandika aonekane. Maoni ya kwanza yaliyoingia yaliniita muuaji. Dada akaniangalia. Nikasema, "Yaache." Ya pili yalimtukana mama yangu. "Yaache." Nililala na homa, sidanganyi. Lakini polepole wakaja wengine. Mwalimu wa Turiani akarudi, nikamwomba msamaha wa mpunga. Mkulima akasema dawa fulani inauzwa kwenye chupa ya soda bila maelezo, wenzake wakaacha kuinunua. Leo maandishi yangu ni mafupi na maoni yao ndiyo marefu, na sasa kule mlangoni dukani wanabandika yao kwanza, yangu chini.

Namshukuru mjomba wangu, aliyenipenda hata kunitafutia uongo, na baadaye akanishukuru kwa kuukataa. Namshukuru yule dada wa kibanda aliyeniuliza "Nichape?" Ningemjibu vizuri siku ile, nisingekuwa nimesimama hapa. Namshukuru mke wangu. Mtoto yuko darasa la nne sasa, ingawa mkono ule bado haujatulia sawasawa, na hilo siwezi kulishukuru wala kulisahau.

Nyie mnaosikilizwa, iwe kwenye kompyuta, iwe kwenye kikundi, iwe nyumbani kwako tu, nawaambia hivi. Anayekusifu anakupa raha yake na kwenda zake. Anayekukosoa mara nyingi anakunywa maji uliyoyapitisha. Msikilize kabla hajaanza kuumwa.

Yule mama tumekuja naye. Amekaa pale upande wa dirisha, na kama nimejipendelea popote katika haya niliyosema, yeye ndiye anayejua. Dada yangu, simama urekebishe. Mimi sikai mpaka umalize.