Mama Stika, Aliyehamisha Ofisi za Watu

Ndugu na marafiki mliofika, ahsanteni. Mimi ni mdogo wake marehemu. Wasifu huu nimeuandika peke yangu, kwani aliyemjua tangu utotoni nimebaki mimi tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa karani wa reli. Baba alikuwa mtu wa kupewa uhamisho kila mara, nasi tukimfuata na vyombo vyetu. Dada ndiye aliyefunga mizigo. Vitu vyangu alivifunga mwisho ili vifunguliwe kwanza, maana nilikuwa mtoto wa kudeka. Nisipoliona blanketi langu, halali mtu.

Kwa sababu ya uhamisho huo alisoma shule za msingi nne, na kila alipopata rafiki, tuliondoka. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1978, kisha akasomea uhazili.

Mwaka 1982 aliajiriwa kama mpiga chapa katika kampuni ya kuhamisha ofisi, akapanda hadi kuwa mpangaji mkuu. Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe alikwenda kwa mteja, akapima milango na lifti, akaipa kila idara rangi yake ya stika. Kila meza, kreti na kompyuta ilibandikwa stika kuonyesha itakapokaa kwenye jengo jipya, na nyaya zikatiwa kila moja kwenye mfuko wake. Wapagazi wakamwita Mama Stika. Wenye ofisi walifunga kazi Ijumaa huku, Jumatatu wakaanza kule, na kikombe cha chai kiko upande uleule wa meza.

Wakubwa hakuwaonea haya. Kuna mkurugenzi aliyeng'ang'ania meza yake kubwa isiguswe.

“Mkurugenzi, meza hii haipiti mlangoni.”

“Mama, unajua unaongea na nani?”

“Najua, baba. Mlango ndio haujui.”

Mkurugenzi alicheka mpaka akatoa leso, na meza ikafunguliwa miguu. Lakini hizo Jumatatu za watu kufurahia ofisi mpya, dada hakuwahi kuziona. Alikuwa ameshakwenda kupima milango ya wengine.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu. Hawakujaliwa mtoto, na mwaka 1994 shemeji aliamua kuondoka. Dada, kwa mazoea ya kazi, akamfungia mizigo yote kwa mikono yake. Hata wembe haukusahauliwa. Miezi kadhaa baadaye aliniambia jikoni kwangu, “Mdogo wangu, nimefanya ujinga. Ningebakiza japo koti. Sasa atarudi kufuata nini?” Shemeji hakurudi. Tangu hapo dada aliishi peke yake, redio ikiwa imewashwa kutwa nzima ili nyumba isikike ina mtu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Alistaafu mwaka 2021. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, nikambembeleza ahamie kwangu. Kila mara alinipiga chenga: “Mimi nahamisha watu, sihamishwi.” Nilinuna, nikasusa, nikarudi kubembeleza tena. Mwezi uliopita alinipigia simu, hata salamu hakutoa.

“Hicho chumba chako, mlango wake una upana gani?”

Nilipima huku machozi yakinitoka. Wanangu walimpisha chumba chao siku hiyohiyo, na siku ya kuhama akaipanga mwenyewe: leo, Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025.

Alifariki hospitalini juzi Alhamisi, usingizini, akiwa na umri wa miaka 63. Wapagazi waliokuwa wameomba ruhusa kazini ili wamhamishe ndio waliobeba jeneza asubuhi hii. Tunawashukuru sana, pamoja na wauguzi waliomhudumia.

Marehemu ameacha mdogo wake, shemeji yake ambaye ni mume wangu, na wanangu wawili wa kike. Hao bado wanabanana kwenye kochi la sebuleni. Jana nilimwambia yule mkubwa warudi chumbani kwao wakalale vizuri, akanijibu, “Mama, kile ni cha Mama Mkubwa.”

Pumzika kwa amani, dada yangu. Ulishakubali kuja.