Uvimbe Ulioitwa Sugu: Maisha ya Benta Akoth

Wapendwa waombolezaji, wakwe zetu wa Mbita, na jamaa mliosafiri kutoka Nyatike, familia imeombwa isome haya kwa upole, na itajaribu.

Marehemu Benta Akoth alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Macalder, mtoto wa pili wa Mzee Oliver Okech na Mama Pamela, na tangu udogoni alimfuata mama yake kwenye mashimo ya dhahabu, karai la mchanga kichwani. Alisoma shule ya msingi papo hapo, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1988, kisha akarudi mashimoni kubeba mawe.

Tarehe 9 Desemba 1995 aliolewa na Maurice Ouma hapa Mbita, wakajaliwa Irine mwaka wa 1997 na Austine mwaka wa 2001, na hapa alibadilisha mzigo tu, si kichwa, maana aliacha mawe akashika omena, dagaa wa ziwani. Sokoni mnamjua, beseni limejaa, mikono haishiki kitu, na bado anageuka kubishana na mteja aliyemwacha nyuma.

Mwaka wa 2014 uvimbe mdogo, mgumu, ulitokea utosini, pale ngata ya kubebea beseni inapokaa, na sote tukasema ni sugu, kwa sababu mama wa omena ana sugu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hivyo, akasuka ngata yenye tundu pana katikati ili uvimbe upate pa kukaa. Tundu hilo ndilo lililotuponza, kwa maana uvimbe ulipoacha kumuuma tuliacha kuutazama.

Ulipozidi ngata, mwaka wa 2018, alienda kwenye kituo cha afya ambacho familia haitakitaja, leo si siku ya kugombana, wakaukata, ukarudi, mwaka wa 2020 wakaukata tena, ukarudi mkubwa zaidi, na kila mara aliambiwa ni sugu, apunguze mizigo. Benta aliomba kitu kimoja tu, aambiwe jina la uvimbe huo, maana alishapumzika miezi mizima bila kubeba hata sufuria, na sugu gani hiyo inayokua mtu akiwa amelala?

Februari 2022, huko Homa Bay, daktari wa upasuaji Onsongo aliubonyeza pembeni polepole, akauliza vile vipande vya kwanza vilipimwa wapi, na Maurice akamjibu, "Daktari, hizo si walitupa kwa ndoo?" Daktari akakata kipande kidogo, akakipeleka maabara, na majibu yakasema ni saratani adimu ya ngozi na nyama iliyo chini yake, inayokua taratibu na kutambaa kando chini ya ngozi inayoonekana nzima, hivyo ukikata kichwa chake tu, mizizi inabaki. Benta hakulia, alikasirika, akasema kumbe amebeba mgeni miaka yote hii na hakuna aliyemjulisha jina.

Tarehe 17 Mei 2022 alifanyiwa upasuaji mpana, hadi karibu na mfupa, kidonda kikafunikwa kwa ngozi ya pajani, kikapona vizuri kabisa. Lakini mwaka wa 2024 alianza kukohoa, ikaonekana ugonjwa ulikwishafika mapafuni, na tarehe 3 Agosti 2025 akatuacha.

Familia inamshukuru Daktari Onsongo na wauguzi wake, majirani, na mama wa omena waliobeba mabeseni yake kwa zamu ili asikose wateja. Waliotupa vile vipande, tumeambiwa tuwasamehe, tunaendelea kujaribu. Nanyi mama zetu, mkikatwa kitu mwilini, msitoke pale bila kuuliza kimepelekwa kupimwa wapi.

Benta, ngata yako tumeiacha nyumbani, huko uendako huihitaji. Pumzika kwa amani, kichwa kitupu.