Feni ya Boniface Ikinyamaza

Kijiwe chetu cha Mabwerebwere kina benchi moja, birika langu la kahawa, na wataalamu wa kila kitu wasio na kazi yoyote. Leo hata kahawa hainyweki kwa amani. Lori la Boniface limesimama mbele yetu, injini inawaka, ng'ombe wa Saruni wanalia kule juu, na feni ya injini inanguruma mpaka vikombe vyangu vinatetemeka. Saruni anapeleka mahari Mikumi. Ameshaahirisha mara mbili, na baba wa mchumba wake, Namelok, kasema akikosa leo asijisumbue tena. Boniface naye haondoki. Jana fundi kamfungia klachi mpya ya feni. Tangu hapo feni inavuma, inanyamaza, inavuma tena. Na huyo fundi simu yake haipatikani!

— Fundi alisemaje? akauliza Makarius, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani tu.

— Alisema injini ikipata moto klachi inashika, feni inazunguka kwa nguvu. Ikipoa, inaachia, Boniface akajibu.

— Basi ni nzima. Twende! Saruni akasema.

— Ngoja kwanza. Ile ya zamani haikuwahi kuvuma hivi hata siku moja, Boniface akasema.

— Kwa hiyo ile ndiyo ilikuwa nzima, akasema Ditram. Huyu tunamwita Injinia. Aliwahi kuuza tairi za baiskeli.

— Au ilishakufa zamani, Profesa akasema.

— Klachi iko kwenye gia, bwana. Ya feni mmeitoa wapi? Injinia akauliza.

— Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Rejeta haina maji, Profesa akasema.

— Nimejaza mwenyewe asubuhi! Boniface akafoka.

— Basi linavuma kwa kushiba.

— Sikilizeni, Injinia akadakia. Lori hili limetoka Ulaya. Kule baridi. Feni inashangaa joto letu.

— Ulaya hii hapa mbele, kijiji cha njiani, au ile ya wazungu? Profesa akauliza.

— Ya wazungu! Ulaya hii ina baridi gani?

— Lakini likichemsha, litachemkia Ulaya hii hii, Boniface akanung'unika. Au mbele yake, porini, na ng'ombe wa watu juu.

Mara feni ikanyamaza.

— Imepoa, akasema Saruni.

— Imekufa! Injinia akaruka. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Shusheni ng'ombe, linalipuka!

— Mimi nauliza, Profesa akainua kidole, feni inavuta upepo au inapuliza? Kama inapulizia mbele, lori linasukumwa nyuma. Mtaaga mnakwenda Mikumi, mfike Kidete, kule nyuma!

— Kunyweni kahawa, nikawaambia. Mnanichosha.

Pikipiki ikasimama. Akashuka Sapit, kaka yake Namelok, ametumwa kutoka Mikumi aje aangalie kulikoni. Vumbi mpaka kwenye nyusi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Akamnyooshea Saruni simu.

— Baba yuko hewani. Anauliza tu, mnakuja?

Saruni akaipokea kwa mikono miwili.

— Shikamoo, baba... Ndiyo, baba. Tunakuja.

Feni ikaanza kunguruma upya. Boniface akamtazama Profesa, Profesa akamtazama Injinia, Injinia akatazama ndani ya kikombe. Saruni akaiziba simu kwa kiganja, akatugeukia. Nilimwonea huruma, jamani.

— Eti, tunakuja?