Kuzaliwa Siku ya Bonané

Ukiwataka Jumamosi, usihangaike kuwatafuta majumbani. Nenda mtaa wa Balsall Heath, nyuma ya migahawa ya mchuzi wa balti, uliangalie benchi lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka la kufulia nguo la Tejinder. Mashine za kukaushia nguo zikizunguka ndani, ukuta unapata joto, na Januari hii mgongo wa mtu mzima haujui pengine pa kukimbilia. Sabine, mama wa Kikongo, huja na thamosi ya kahawa ya tangawizi. Wanamwita Gavana, maana hakuna anayejimiminia bila ruhusa yake. Onyango, mtu wa Kisumu anayelea wazee wa Kizungu, wanamwita Wakili kwa ubishi wake. Na Évariste wa Fizi wanamwita Bonané, kama Wakongo wanavyoiita sikukuu ya mwaka mpya. Jina hilo amelivumilia miaka nenda rudi. Leo limemfika hapa kooni.

— Nimechoka kuzaliwa Bonané! alifoka, akiwainulia simu. Tazameni! Zahanati, heri ya kuzaliwa. Mtu wa miwani, heri ya kuzaliwa. Hata duka nilikonunua viatu mara moja tu!

— Si ni upendo, mzee? Onyango akacheka. Mimi hakuna duka linanikumbuka.

— Upendo gani? Siku yenyewe si yangu. Karani wa kambi ya wakimbizi kule Kigoma ndiye alinigawia.

— Na miye pia, Sabine akadakia. Na bwana yangu pia. Kwetu tulizaliwa wote siku moja kama vifaranga.

— Sasa mimi nataka yangu. Kabla sijafa, nataka yangu.

Onyango akajiweka sawa. Mkao huo wanaujua: sheria inakuja.

— Sikia, mzee. Nchi hii taarifa zako ni zako. Wakiandika kitu si kweli juu yako, una haki wakirekebishe. Lakini sasa lazima utafute wakili, yule wa wigi la nywele za farasi, mpande treni mpaka London, uape mbele ya jaji.

— London ya nini? Shida ni kompyuta, Sabine akasema. Ukibadilisha tarehe, bon, kompyuta inaona batu wawili. Évariste wa Bonané na Évariste mwingine. Wote wawili wataitwa kupimwa presha.

— Haki ya nani! Onyango akadakia. Na yule wa zamani akikataa kuondoka? Atakuja kudai kitanda!

— Na bibi!

— Na wakimrudisha yeye kambini, huyu wetu atabaki na paspoti ya nani?

Walicheka mpaka Tejinder akachungulia dirishani. Évariste hakucheka. Alikuwa mbali, jikoni kwa mama yake, moshi ukimchoma macho. Kule hawakujua keki wala mishumaa. Maharage mapya yakishavunwa, mama alikuwa akiyapika kwa mawese, na kabla ya baba, kabla ya wageni, kabla ya kaka zake wakubwa, sahani ya kwanza ilikuwa ya Évariste. "Kula, huu ndio wakati wako," mama alimwambia. Kaka zake wakanuna, naye akala taratibu makusudi. Jamani, utamu ule! Hapa ameshapika maharage ya kila duka na hajaupata.

Mlango ukafunguka, akatoka binti na mfuko wa nguo. Alikuwa Kendi, muuguzi wa kutoka Meru, mgeni mjini. Alisimama mbele yao kwa adabu.

— Samahani wazee wangu, nimewasikia kutoka ndani. Hiyo kitu haitaki wakili. Kazini tumefundishwa. Mzee anaomba tu, kwa simu ama kwa kuandika. Ni bure, na wana mwezi mmoja wa kumjibu. Wakikataa, kuna ofisi ya kamishna wa taarifa, analalamika huko.

— Ndiyo nilikuwa nafika hapo, Onyango akasema ndani ya kikombe.

— Bila jaji? Évariste akauliza.

— Bila jaji, mzee. Tunaweza kuwaandikia zahanati saa hii hii.

Évariste alimpa simu haraka. Sabine akammiminia mgeni kahawa bila kuombwa, jambo lisilo la kawaida. Kendi akaandika, akaandika, kisha akainua uso.

— Sawa. Wako na tarehe moja Januari. Tuweke gani?

Évariste akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, akaacha.

— Kulinyesha mvua ya mawe, Évariste akasema hatimaye. Wanawake walikuwa shambani, wakivuna maharage. Walikimbilia kanisani, mvua ikavunja bati. Mama akanizalia pale, chini ya madhabahu. Andika hivyo.

— Ni maneno mazuri, mzee. Lakini hawa watataka tarehe.

Évariste akaketi.

— Waambie mama alikuwepo pale kambini, mwanangu. Karani alipouliza, yeye ndiye alijibu. Alianza na shamba, akaja kwenye mvua, akaja kwenye kanisa. Alikuwa bado anaeleza, karani akaita anayefuata.