Mama Kahindo na Sheria ya Kutwikana Bidoni

Miaka kumi na tisa kwenye robine, bomba letu la maji hapa Murara! Ijumaa, tarehe 29 mwezi wa tano, Mama Kahindo atafunga maji kwa mara ya mwisho. Jumatatu ufunguo utakuwa mukononi mwangu. Tangu komite ya maji waniambie, usingizi ni kidogo. Lakini leo tunamuaga, ni siku ya vigelegele, acha niseme habari zake.

Alitoka kijiji kimoja karibu na Butembo, jembe begani. Goma ikamupokea na mawe yake meusi ya volkano. Jembe likavunjika wiki ya kwanza, majirani wakacheka, naye akacheka kuwapita. Ndipo akapewa kazi ya kulinda robine.

Pale akakuta kila mutu anachota na watu wa kwao. Wageni walikuwa nyuma kabisa, kimya. Mama akaweka sheria moja: ndugu yako asikutwike bidoni, dumu lako la maji. Akutwike mutu wa kijiji kingine, na umuite kwa jina. Hujui jina? Uliza! Maji yanangoja.

Ee, kelele! Papa Habarurema, muchungaji wa ng'ombe kutoka Masisi, alisema ana mikono yake miwili. Akajitwika. Bidoni ikamumwagikia yote, kofia mpaka viatu. Thérèse, muuza ndizi wa Beni, akamujazia ingine na kumutwika: "Papa, ukitaka kuoga, sema mbele!" Leo hao wawili ni wakwe. Siku watoto wao walioana, maji ya kupikia yalipita juu ya kila kichwa cha mutaa.

Mimi nilitoka Rutshuru na watoto, naogopa hata kusalimia. Bidoni yangu imejaa, iko chini, mustari wote unaniangalia. Mama Kahindo akapaza sauti: "Wewe mama wa kitenge cha majani, omba! Huku hakuna mutu amekufa juu ya kuuliza jina." Nikauliza. Tangu siku ile niko na majirani.

Sasa wengine wananong'ona: akienda, sheria inaenda naye, mustari utavunjika, kila mutu arudi kuchota na watu wa kwao. Hofu ninayo, sifichi. Lakini sauti pia ninayo.

Asante, Mama wetu. Magoti yako yapumzike, wajukuu wakuchoshe vizuri, chai yako isipoe. Na Jumatatu, ukija kuchota kama sisi wote, usilete binti yako akutwike. Nitakunyima maji, haki ya Mungu! Tafuta mugeni, umuulize jina.