Vinundu vya Kunde

Sogeeni, wanangu. Shimba, kaa hapo kwenye kigoda nikuone. Dorcas, niinue kidogo kwa huo mto. Na wewe Yakobo, mdogo wangu, usitoke, maana nitakayosema yanataka shahidi. Kifua kimeniziba na sitayarudia, basi sikilizeni wala msinikatize.

Ng'ombe tisa ni wa Shimba, na nyumba ni yake pamoja na shamba la juu. Lakini shamba la chini, linaloanzia barabara ya Usagara mpaka kwenye majabali, nampa Dorcas. Najua, Shimba, umeshasema mtoto wa kike harithi ardhi, tena umewaahidi wale wanunuzi wapya wenye malori kwamba utalilima lote pamba. Nakukatalia, na sababu nitaitoa leo, kwani mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo kimeshafika mlangoni.

Mama yenu alitoka Ukerewe na mbegu za kunde alizopewa na mama yake. Alizipanda katikati ya mahindi, majani yakatandaa yakafunika udongo, jua lisiuunguze wala mvua isiuchukue. Mimi nilikuwa mtu wa pamba, na sisi watu wa pamba tulifundishwa kwamba msimu ukiisha masalia yote yang'olewe yachomwe, wadudu wasibaki. Siku moja nikang'oa shina la kunde, nikaona mizizi imejaa vinundu. Nikasema huu ni ugonjwa, utaingia kwenye pamba yangu. Mama yenu akanisihi, "Baba Shimba, kwetu hivyo havijawahi kuua kitu." Nikamsukuma akaanguka, nikazing'oa zote, nikazichoma pamoja na debe la mbegu lililokuwa ghalani. Kesho yake akapanda meli kurudi kwao Nansio, wewe Dorcas ukiwa mgongoni, na sikumfuata. Nilijiambia atarudi mwenyewe. Kiburi kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki sato.

Miaka ile mbolea ililetwa na ushirika, kwa hiyo kosa langu halikuonekana. Ruzuku ilipoondolewa na ushirika ukalegea, tukabaki na udongo mtupu. Shimba, uliyaona mahindi yakigeuka njano yangali magotini, na kiduha, gugu lile, kikichanua maua yake mazuri huku kinayanyonya mizizi.

Mwaka juzi Dorcas akarudi, ametoka kumzika mama yake, amebeba kunde zile zile zilizobaki kwa bibi yake. Nikampa kipande kibovu kuliko vyote, huko shamba la chini, na niseme kweli, nilitaka achoke aondoke, maana kila nikimtazama namwona mama yake. Hakuchoka. Bwana shamba alipopita akapasua kinundu kwa ukucha, ndani chekundu, akaniambia kwamba humo ndimo mbolea ya hewani inamovutwa ikailisha ardhi. Mahindi yaliyofuata pale yalisimama kijani, na kiduha kilipungua. Nililia, wanangu. Nilitaka kumwambia mama yenu kwamba alisema kweli, na mama yenu yuko kaburini.

Basi, Shimba, lima pamba yako kule juu, lakini uipande kwa kupokezana na kunde au choroko, usiuchoshe udongo kwa zao moja kama nilivyouchosha mimi. Ukivuna, kata mashina kwa mundu, mizizi uiache ioze humo humo. Moto usiupeleke shambani.

Nipe maji, mama... Inatosha.

Dorcas, sikukulea. Radhi ninayokuomba haina uzito, naijua. Ardhi hiyo ndiyo yote niliyo nayo ya kukupa. Yakobo, umesikia; atakayemwondoa dada yake pale, amenifukua mimi.

Shimba, mshike mkono. Mshike, nione... Hivyo. Mungu awape mvua ya kiasi. Awape watoto wapole kuliko baba yenu. Mle pamoja, mzikane kwa amani.

Na kaburi... desturi ni hapa ubavuni mwa zizi, najua. Lakini pale Dorcas amepanda, kunde zimetoa maua, na watu wa msiba watazikanyaga. Nipelekeni kule kwenye changarawe, ng'ambo ya njia. Watu wakiuliza, waambieni mzee alitaka mwenyewe. Hizo za mama yenu... msing'oe hata shina moja.